Mtoto wa miaka minne aliona nini? Swali kuhusu riwaya ya siri za utotoni

Mchanga wa Pwani aliuliza:

Ndugu wasomaji na waandishi, nawasalimu. Kwa miaka 2 sasa ninaandika riwaya ya upelelezi ambayo mhusika wake mkuu si askari wala mpelelezi wa kulipwa. Ni mwuguzi wa miaka 31 anayefanya kazi Mombasa, na anarudi Lamu baada ya nyanya yake kufariki ili ahudhurie mgawanyo wa mirathi. Aliishi katika nyumba ile ya mawe hadi alipofika miaka 4, kisha akahamishwa ghafla, na tangu siku hiyo hakuna jamaa aliyekubali kumweleza sababu. Anapolala tena chini ya dari zile anaanza kujiwa na vipande vya mambo: kitambaa cheupe, sauti ya kitu kinachosuguliwa ukutani usiku, na mtu fulani ambaye kila akimfikiria moyo unamwenda mbio. Mwishowe anatambua kwamba mke wa ami yake, ambaye ukoo mzima husema alitoroka na nahodha kwenda Uarabuni, hakutoka katika nyumba ile.

Shida yangu iko katika sura ya 9. Humo nimemwotesha ndoto, na ndani ya ndoto hiyo analiona tukio zima tangu mwanzo hadi mwisho: ugomvi, pigo, maneno yaliyosemwa na sura ya muuaji. Nimewapa mswada watu wawili ninaowaamini, nao wameniambia, kila mmoja kwa wakati wake, kwamba sura 8 za kwanza walizisoma hadi usiku wa manane na kwamba walipofika ya 9 hamu yote iliwaisha. Mmoja wao alisema kwamba mtoto wa miaka 4 hawezi kukumbuka kiasi hicho. Je, nimwongezee umri? Nikimfanya wa miaka 8 au 9, naona hadithi yangu yote inaporomoka, kwa sababu mtoto wa umri huo angeuliza maswali na angeelewa. Naomba msaada wenu wa dhati.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Binti yangu, usimwongezee umri. Wasomaji wako wameliona kosa, ila nadhani wamelitaja kwa jina lisilo lake. Mtoto wako hajakumbuka mengi kupita kiasi. Amekumbuka kama mtu mzima. Katika ndoto ile anaujua ugomvi kuwa ni ugomvi, anaijua maiti kuwa ni maiti, na anayafuata maneno ya wakubwa kwa mpangilio kama karani wa baraza. Hakuna mtoto aliyewahi kuuona ulimwengu hivyo.

Riwaya ninayoikumbuka kila swali hili linapozuka ni *Sleeping Murder* ya Agatha Christie, ambayo ilitolewa mwaka 1976, mwaka uleule aliofariki mwandishi, ingawa alikuwa ameiandika miaka mingi kabla na kuihifadhi. Anayekusudia kuisoma na aliruke jibu langu, kwa sababu siwezi kuieleza bila kuufichua mwisho wake.

Gwenda Reed, mwanamke wa miaka 21 aliyelelewa New Zealand, anafika Uingereza akiwa ameolewa karibuni, ananunua nyumba katika mji mdogo wa pwani ya kusini na kuanza kuitengeneza. Anataka zijengwe ngazi za kushukia bustanini mahali fulani. Vichaka vinapoondolewa, ngazi za zamani zinaonekana palepale. Anataka ukuta utobolewe mlango kati ya vyumba viwili. Fundi anagundua kwamba mlango ulikuwapo, ukazibwa. Anawazia karatasi za ukutani zenye maua ya aina fulani kwa chumba kimoja, na kabati lililokuwa limegandishwa na rangi linapofunguliwa, karatasi zenye maua yaleyale zimo ndani. Hadi hapo hakuna damu wala maiti, na hakuna mtu aliyemtisha mwenzake, lakini msomaji ameshaanza kuogopa, kwa kuwa anamwona mtu anayeijua nyumba ambayo anaamini hajawahi kuikanyaga. Mimi huzihesabu kurasa hizo kuwa miongoni mwa bora kabisa alizoziandika yule mama.

Kisha anakwenda kutazama mchezo wa kuigiza London, *The Duchess of Malfi* wa John Webster, na mhusika mmoja anapoamuru kwamba uso wa mwanamke aliyeuawa ufunikwe, Gwenda anapiga yowe na kukimbia nje. Maneno yale aliwahi kuyasikia akiwa na miaka 3 hivi, akichungulia katikati ya nguzo za ngazi za nyumba ileile, mtu akiyatamka juu ya maiti ya mwanamke. Sura ya muuaji haikumbuki. Anachokumbuka ni mikono, na kwake yeye ilikuwa mikono ya nyani. Miss Marple, yule bibi mzee mpelelezi wa Christie, pamoja na Gwenda na mumewe wanahangaika karibu kitabu kizima kabla ya kubainika kwamba mikono ile ya kijivu yenye mikunjo ilikuwa mikono ya daktari aliyevaa glavu za upasuaji.

Hapo ndipo ninapotaka uangalie. Macho ya mtoto hayakudanganya hata kidogo. Jina alilokipa kitu alichokiona ndilo lililokuwa la kitoto, kwa kuwa glavu za upasuaji alikuwa hazijui na nyani alikuwa anamjua. Siri ikahifadhika miaka 18 ndani ya jina lisilo sahihi. Kwa hiyo ifute ndoto yako, binti yangu, maana ndoto ni shahidi asiyeulizwa maswali na inamnyima mhusika wako kazi yote ya upelelezi. Badala yake jiulize: mtoto wako aliona kitu gani kimoja, na kwa kuwa hakukijua, alikiita nani au nini?

Mshauri wa Afya ya Akili alijibu:

Naunga mkono ushauri wa Mwalimu, na ningependa kuongeza machache kutoka katika taaluma yangu, kwa sababu riwaya nyingi za aina hii huichukulia kumbukumbu kama kanda ya filamu iliyofungiwa sandukuni, ambayo mtu akipata ufunguo huitazama yote ikiwa salama. Kumbukumbu haifanyi kazi hivyo. Kila tunapokumbuka tunaijenga picha upya kwa vipande tulivyo navyo, na pale penye pengo tunajaza kwa yale tuliyosimuliwa, tuliyoyaona baadaye, au tunayodhani kuwa lazima yalitokea.

Watu wazima wengi hawakumbuki tukio lolote la kabla ya miaka 3 au 3 na nusu. Hivyo miaka 4 ni umri mzuri kwa hadithi yako, kwa sababu uko karibu kabisa na mpaka huo: baadhi ya mambo hubaki, lakini hubaki yakiwa vipande visivyo na mwanzo wala mwisho, na mara nyingi ni rangi, harufu, sauti au hofu. Mtoto hukumbuka kwamba aliogopa kabla ya kukumbuka alichokiogopa. Hilo umeliandika vizuri katika sura zako za mwanzo bila kuambiwa na mtu, na ningekusihi usilipoteze.

Jambo la pili lina hatari zaidi, nalo linaweza kuipa riwaya yako nguvu. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watu 24. Kila mmoja alipewa asome visa vya utotoni mwake vilivyosimuliwa na jamaa zake, na miongoni mwavyo kikachomekwa kimoja cha uongo, kwamba aliwahi kupotea dukani akiwa na miaka 5 hivi. Karibu robo yao walifika mahali pa kusema kwamba wanakikumbuka kisa hicho, kikamilifu au kwa sehemu, na baadhi yao wakakiongezea maelezo yao wenyewe. Hawakuwa waongo, waliamini. Sasa mfikirie mhusika wako, ambaye kila jamaa ana sababu yake ya kumsimulia utoto wake kwa namna fulani. Atajuaje kwamba kitambaa cheupe ni chake na hakikuwekwa akilini mwake na shangazi?

Mchanga wa Pwani alijibu:

Nawashukuru sana. Swali la mwisho la Mshauri limenikosesha usingizi, kwa sababu katika mswada wangu jamaa wote wananyamaza tu. Sikuwahi kufikiri kwamba mmoja wao angeweza kuifunika kweli kwa kusema sana kuliko kwa kunyamaza.

Msomaji wa Usiku alijibu:

Namheshimu Mwalimu, lakini katika jambo moja naona njia tofauti, na ningependa dada aijue kabla hajafuta chochote. Si lazima siri ya utotoni irudi yote. Soma *In the Woods* ya Tana French, iliyotoka mwaka 2007. Mwaka 1984, katika kitongoji cha Knocknaree karibu na Dublin, watoto watatu wa miaka 12 wanaingia msituni na mmoja tu anapatikana, akiwa ameganda mbele ya mti, viatu vyake vimelowa damu ndani, na hakumbuki chochote. Miaka 20 baadaye mtoto huyo ni mpelelezi wa kesi za mauaji aliyebadili jina ili asitambulike, na anapewa kesi ya msichana aliyeuawa mahali palepale. Kesi mpya inapata jibu. Ile ya zamani haipati. Kitabu kinaisha na wale marafiki wawili hawajulikani walipoishia.

Najua wasomaji wengi walikasirika, na mimi mwenyewe nilipofunga ukurasa wa mwisho nilikaa kimya kwa muda mrefu nikiwa na hasira. Lakini baada ya siku chache nilitambua kwamba mwandishi alikuwa ameandika habari za mtu aliyeharibiwa na kutojua. Anawaficha wakubwa wake kwamba yeye ndiye mtoto yule, anampoteza rafiki wa pekee aliyemwamini, anaivuruga kazi yake, na yote hayo yanatokana na pengo lile ambalo hawezi kuliziba. Laiti angekumbuka yote tulipofika ukurasa wa 400, kitabu kingekuwa fumbo lililofumbuliwa na basi. Labda mwuguzi wako naye abaki na nusu ya jambo.

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Nakubali kwamba kitabu hicho kina uzito, lakini kwa hadithi ya dada sioni kwamba njia hiyo inafaa. Wale watoto wa msituni walipotea bila mtu yeyote kudai kwamba anajua walipo. Hapa kuna mwanamke aliyezushiwa jambo la aibu, na ukoo mzima ukaukariri uzushi huo kwa miaka 27. Ikiwa riwaya itaisha bila kulisafisha jina lake, mwandishi atakuwa ameungana na ukoo. Mkumbuke na marehemu, Msomaji wa Usiku. Yeye hana kinywa kingine isipokuwa kile cha mtoto.

Msomaji wa Usiku alijibu:

Hilo la marehemu sikulifikiria, Mwalimu. Narudi nyuma.

Wakili wa Upande wa Pili alijibu:

Kwa mtu wa sheria, kesi inayofaa kuisoma hapa ni ya George Franklin wa California. Alitiwa hatiani mwaka 1990 kwa mauaji ya msichana mdogo yaliyofanyika mwaka 1969, na nguzo kubwa ya ushahidi ilikuwa kumbukumbu ya binti yake mwenyewe, ambaye alisema kwamba aliliona tukio hilo utotoni na kwamba lilimrudia akiwa mtu mzima. Mwaka 1995 jaji wa mahakama ya shirikisho aliitengua hukumu hiyo. Miongoni mwa kasoro zilizoonekana ni kwamba wazee wa baraza la mahakama hawakuruhusiwa kuona magazeti ya zamani, ambayo yalikuwa yamekwisha kuchapisha mambo mengi yaliyodaiwa kuwa yangeweza kujulikana na shahidi wa macho peke yake.

Ona jinsi hoja hiyo inavyokwenda moja kwa moja kwenye swali la Mshauri. Ushahidi wa kumbukumbu unapata nguvu pale tu shahidi anapojua jambo ambalo hakuna aliyeweza kumwambia, na jambo hilo linapothibitika nje ya kichwa chake. Gwenda aliyetajwa na Mwalimu anaaminika kwa sababu ngazi zilikuwapo chini ya vichaka na mlango ulikuwapo ndani ya ukuta. Mwuguzi wako akisimama mbele ya mahakama na kusema kwamba ameota, wakili yeyote wa upande wa utetezi atammaliza kwa maswali matatu. Akisema kwamba nyuma ya ukuta huu kuna kitu, na ukuta ukabomolewa, hakuna swali litakalobaki. Shitaka la mauaji halifi kwa sababu miaka imepita, kwa hiyo ami yake, kama yungali hai, hana kimbilio katika kalenda. Hilo litamfanya mtu wa hatari katika sura zako za mwisho, na nadhani umelipuuza.

Bint Langoni alijibu:

Nimekulia Lamu, na nimesoma mjadala huu huku nikiiona nyumba ya bibi yangu. Dada, umesema nyumba ya mawe, lakini katika maelezo yako sijaiona. Ungeweza kuiweka popote. Nyumba zetu zimejengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Kuna daka la mlangoni, yaani ukumbi mdogo wa kuingilia, kuna kiwanda, ndivyo tunavyouita uwanja wa ndani usio na paa, na ukutani ndani kabisa kuna zidaka, vile vishimo vya kuwekea vitu, zilizopangwa safu juu ya safu. Mtoto wa miaka 4 zidaka za juu hazifikii, anaziona kwa chini tu, na anajua kwamba kila kitu kizuri na kila kitu kilichokatazwa huwekwa huko. Mtu mzima akirudi, vitu vyote vimeshuka. Andika mshangao huo kabla ya kuandika maiti.

Tena tuna wikio, kile chumba au kivuko kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili za jamaa, ili wanawake wapite bila kushuka barabarani. Jamaa wakikosana au nyumba ikiuzwa, mlango wa wikio huzibwa. Hakuna atakayeshangaa kuona mlango uliozibwa Lamu. Tazama jinsi muuaji wako alivyo salama.

Na kuhusu jamaa kunyamaza, naomba nikusahihishe kwa upole. Kwetu watu hawanyamazi. Wanakujibu, na jibu lenyewe ndilo linalokufunga. Ukimuuliza shangazi juu ya jambo uliloliona, atakuambia, «Mwanangu, ulikuwa mdogo, uliota kwa homa.» Ukirudia, atakuambia kwamba siku ile hukuwapo nyumbani, ulikuwa umelala kwa fulani. Ukiuliza mara ya tatu utaambiwa kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, nawe uko na miaka 30 na mtoto wako mwenyewe mgongoni. Mimi niliambiwa hivyo juu ya jambo dogo tu la ugomvi wa shamba, na ilipita miaka mingi kabla sijajua kwamba nililokumbuka lilikuwa kweli. Neno hilo la homa liliniumiza kuliko ugomvi wenyewe.

Mwisho, tunayo njia yetu ya kufumbua. Muhammed Said Abdulla alipoandika *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960, alimweka mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake kati ya watu wanaozungumza, wanaojuana kwa nasaba, na wanaojisaliti kwa namna wanavyotajana. Mwuguzi wako naye akae barazani. Amsikilize kila mzee anavyomtaja yule mke wa ami: nani anamrehemu kama anavyorehemewa marehemu, na nani anamtaja kama mtu aliye hai Uarabuni. Ulimi wa mtu mmoja utateleza na kusema «Mungu amrehemu», naye hakupaswa kujua kwamba amekufa.

Mchanga wa Pwani alijibu:

Nimekaa na majibu yenu kwa siku 4, na jana usiku niliifuta sura ya 9 yote, kurasa 22. Sikujua kwamba ningeweza kufuta kitu nilichokipenda kiasi hicho bila kuhuzunika.

Bint Langoni, la wikio na lile la «Mungu amrehemu» nimeyachukua kama yalivyo, na shangazi sasa anasema habari za homa tangu sura ya 3, kwa mapenzi, huku akimpakulia chakula. Wakili, ami yungali hai, na yeye ndiye anayeshikilia kwamba nyumba iuzwe haraka kabla ya matengenezo.

Mwalimu, uliniuliza mtoto alikiona kitu gani kimoja na alikiita nani. Nimepata. Katika mswada wa kwanza nilikuwa na mtu asiye na sura ambaye mhusika anamwogopa. Sasa anamkumbuka kwa jina la Bwana Unga, kwa sababu mikono yake ilikuwa myeupe hadi viwikoni, kama ya mpishi anayekanda unga wa mikate, na kwa kuwa mtoto anajua kwamba mikate hukandwa jikoni alfajiri, hakuelewa kwa nini mtu huyu alikuwa anaipaka mikate ukutani usiku. Kwa miaka yote hiyo amekuwa na hofu ya unga bila kujua sababu. Hapiki chapati, huzinunua. Halafu, siku ya tano ya kukaa kwake Lamu, anapita kichochoroni na kumkuta fundi mwashi akipiga lipu ukuta wa jirani, mikono imejaa chokaa hadi viwikoni, na fundi huyo anainua kichwa na kumwamkia.